Kupima madirisha ya nyumba kabla ya kuyabadilisha: mwongozo kamili

Fremu ya aluminiamu ikishakatwa na kuunganishwa, hairefuki wala haipungui. Ikizidi ukuta kwa milimita nane, fundi atashika patasi na kuuchonga ukuta wako. Ikipungua kwa sentimita mbili kila upande, atajaza silikoni kama mtu anayeziba mtumbwi, na mvua za Aprili zitapita hapo hapo. Kazi nyingi za madirisha zinazoharibika huanza kuharibika kwenye tepu, siku nyingi kabla ya mtu yeyote kugusa kioo.

Mwongozo huu unamfaa mwenye nyumba anayetoa madirisha ya zamani ya chuma, ya mbao au ya vioo vya kulaza, na kuweka ya aluminiamu, yawe ya kuteleza au ya kufunguka kwa bawaba. Hata kama fundi atakuja kupima mwenyewe, pima na wewe. Vipimo viwili vilivyochukuliwa na watu wawili vikikubaliana, una amani. Vikipishana, mmejua mapema.

Unapima ukuta, si dirisha

Kosa la kwanza ni kupima dirisha lililopo kisha kuagiza la ukubwa huo. Dirisha la zamani la chuma limezama ukutani: mguu wa fremu yake umefunikwa na plasta, na vyuma vidogo vya kulishikilia vimeingizwa kati ya matofali. Unachokiona ni kidogo kuliko uwazi halisi. Siku ya kulitoa, plasta ya pembeni itaanguka pamoja nalo, mara nyingi sentimita mbili hadi tatu kila upande, na ule uwazi ulioupima hautakuwepo tena.

Kwa hiyo, kabla ya kupima, toboa upate kuona. Chukua patasi na nyundo ndogo, ubandue plasta kiasi cha sentimita tano kwenye kona moja ya chini na kona moja ya juu upande wa pili, hadi uone ukingo wa tofali. Hapo utajua plasta ina unene gani na fremu imezama kiasi gani. Kwa dirisha la mbao fanya vivyo hivyo, na uchokoze mbao kwa bisibisi: kama mchwa wameila, fremu yote itoke, na kipimo kiwe cha tofali hadi tofali.

Ukiwa hapo, chunguza pia juu ya dirisha. Gonga plasta, ubandue kidogo, uone kama kuna linta ya zege, yaani boriti inayobeba ukuta wa juu ya dirisha, iliyoingia ukutani angalau sentimita 15 kila upande. Katika nyumba ndogo za zamani fremu ya mbao yenyewe ndiyo inayobeba matofali ya juu. Ukiitoa bila kuweka nguzo, ukuta unashuka. Nyumba ya namna hiyo inahitaji mwashi na linta mpya kwanza. Habari za aluminiamu zisubiri.

Baada ya hapo amua mojawapo ya njia mbili, maana kila njia ina kipimo chake.

Njia ya kwanza ni kutoa dirisha la zamani, kupiga plasta upya kwenye mbavu za ukuta (nyuso za pembeni za uwazi), kuiacha ikauke, kisha kupima uwazi uliokamilika. Hii ndiyo tunayoipendekeza. Kipimo chake hakina kubahatisha, na fremu huingia safi. Ubaya wake ni kwamba chumba kinakaa wazi siku kadhaa, na ikiwa vyuma vya kuzuia wezi vimechomelewa kwenye fremu ya zamani, vitaondoka pamoja nayo. Fanya chumba kimoja kimoja, na uwe na mbao au bati la kufungia usiku.

Njia ya pili ni kupima tofali hadi tofali dirisha la zamani likiwa bado mahali pake, kuagiza, kisha kutoa na kuweka siku hiyo hiyo. Plasta hupigwa baadaye kufuata fremu. Inawezekana, lakini saruji mbichi hula aluminiamu na kuacha madoa meupe yasiyotoka. Fremu lazima ibaki na karatasi yake ya kukinga, na palipo wazi pafunikwe kwa tepu ya gundi hadi plasta ikauke.

Njia ambayo hatuipendekezi kabisa ni kukata chuma cha zamani kwa grinda, kuacha mguu wake ukutani na kufunga aluminiamu juu yake. Chuma kilichobaki huota kutu, kutu huvimba, na plasta hupasuka kuzunguka dirisha jipya.

Vifaa

Tepu ya mita tano yenye milimita zinazosomeka, pimamaji la urefu wa sentimita 60 au zaidi, timazi, penseli, karatasi ngumu, na vipande viwili vya mbao vilivyonyooka. Kwa dirisha la sebuleni la mita 1.2 mbao hizo ziwe na urefu wa sentimita 80 hivi kila kimoja.

Tazama ncha ya tepu. Ile kulabu inacheza kidogo kwa makusudi, kiasi cha unene wake, ili kipimo kiwe kile kile ukivuta au ukisukuma. Tepu iliyoanguka mara nyingi kulabu yake hupinda, na kila kipimo kikakosea kwa milimita mbili au tatu. Ukiwa na shaka, anzia kwenye alama ya milimita 100 badala ya ncha, kisha utoe 100 kwenye jibu. Na ukifika karakana, iwe Katwe jijini Kampala au mtaani kwako, weka tepu yako kando ya ile watakayokatia. Zikipishana, fundi apime kwa tepu atakayokatia.

Mbao mbili zinasaidia pale ambapo tepu inakunjika konani na hujui usome wapi. Zishike zikiwa zimelaliana, zisukume hadi kila moja iguse ubavu wake, chora mstari mahali zinapopishana, zitoe, zirudishe kwenye mstari, upime urefu wote ukiwa mezani. Kipimo cha namna hii hakina kona ya kukisia.

Milimita tu

Andika kila kitu kwa milimita. Wengi bado hutaja dirisha kwa futi, na huo ndio mwanzo wa ugomvi. Mtu anaposema "futi nne kwa nne", mmoja anaandika 1200 na mwingine 1219. Futi tano ni 1524, siyo 1500. Futi sita ni 1829, siyo 1800. Kwa dirisha la futi sita tofauti ni milimita 29, yaani fremu haiingii kabisa au inaacha pengo la kupitisha kidole. Futi zitumike kwenye mazungumzo ya bei ya kukadiria tu.

Upana huandikwa kwanza, urefu wa kwenda juu baadaye. Zaidi ya hapo, ziandikie herufi: U kwa upana, K kwa kimo. Dirisha la 1500 kwa 1200 likigeuzwa linakuwa jambo jingine.

Namna ya kupima

Yape madirisha namba kwanza. Anza mlango mkuu, zunguka nyumba kwa nje ukienda kulia, na uandike namba kwa penseli ukutani na kwenye karatasi. Usinakili kipimo cha dirisha moja kwa jingine kwa sababu "yanafanana". Ukuta wa matofali ya kuchoma yaliyofyatuliwa kwa mkono hautoi nafasi mbili za dirisha zilizo sawa. Madirisha matatu ya ubavu mmoja wa nyumba yanaweza kupishana kwa sentimita moja na nusu.

Pima upana mahali patatu: juu, kati na chini, karibu na pale fremu itakapokaa. Pima kimo mahali patatu: kushoto, kati na kulia, ukianzia sehemu ya juu kabisa ya kizingiti cha chini, maana kizingiti huwa kimeinama kwenda nje. Andika namba zote sita. Zinazofanya kazi ni upana ulio mdogo kuliko zote na kimo kilicho kidogo kuliko vyote, lakini nyingine zinakueleza tabia ya ukuta.

Kisha pima ulalo, kona hadi kona, pande zote mbili. Hapa ndipo wengi huachia, na hapa ndipo penye siri. Vipimo vitatu vya upana vinakamata ukuta unaobana. Havikamati mbavu mbili zinazoegemea upande mmoja: upana unabaki ule ule juu, kati na chini, lakini fremu yenye kona za mraba haiingii. Ulalo ndio unaosema ukweli.

Chukua dirisha la chumba cha kulala lenye namba hizi. Upana: juu 1190, kati 1188, chini 1191. Kimo: kushoto 1200, kati 1198, kulia 1199. Ulalo: 1684 na 1693. Ukisoma upana na kimo peke yake, utasema uwazi ni mzuri. Lakini ulalo umepishana kwa milimita 9, na timazi ukilishusha kwenye ubavu litaonyesha kwamba ukuta umeegemea kwa milimita 6 hivi kutoka juu hadi chini. Kwa dirisha linalokaribia mraba, mwegemeo huwa kama sehemu saba kwa kumi za tofauti ya ulalo. Hizo 6 ni upana ambao fremu haiwezi kuutumia. Ukizisahau, ile nafasi ya milimita 10 uliyokusudia inabaki 4, na fundi atalazimisha kwa nyundo.

Ulalo nao una jambo usilolikamata. Uwazi wote ukizungushwa kidogo, kizingiti kikainama na mbavu zikaegemea kwa kiasi kile kile, ulalo utakuwa sawa pande zote. Kwa hiyo weka pimamaji juu ya kizingiti na chini ya linta, na kwenye kila ubavu. Pale dirisha lilipo pana kuliko pimamaji lako, tumia mpira wa maji wanaoutumia waashi. Fremu lazima ikae wima na sawa hata kama ukuta haukukaa hivyo, la sivyo kipande cha kuteleza kitajifungua chenyewe. Nyumba za upande wa Fort Portal, Kasese na Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, ambako ardhi hutetemeka (tetemeko la 1966 na lile la 1994 yanakumbukwa hadi leo), zinahitaji uangalifu huu kwa namna ya pekee. Ukiona ufa unaotoka kwenye kona ya dirisha kwenda juu kwa mshazari, ufa ushughulikiwe kwanza, kisha ndipo upime.

Nani anatoa milimita 10?

Fremu haitengenezwi sawa na uwazi. Inaachiwa milimita 5 kila upande, yaani 10 kwenye upana na 10 kwenye kimo. Nafasi hiyo ni ya kunyoosha fremu kwa kabari, ya silikoni kupata mahali pa kushika, na ya aluminiamu yenyewe kutanuka juani: fremu ya mita 1.8 ikipata joto la nyuzi 30 zaidi hurefuka kwa zaidi kidogo ya milimita moja.

Kwa dirisha letu la mfano: upana mdogo 1188, toa mwegemeo 6, toa 10, unapata 1172. Kimo kidogo 1198, toa 10, unapata 1188. Fremu ni 1172 kwa 1188.

Sasa jambo linaloharibu kazi kuliko yote yaliyotangulia. Mwenye nyumba anatoa 10 nyumbani, anapeleka karatasi karakana, na fundi kwa mazoea yake anatoa 10 nyingine. Fremu inarudi na pengo la sentimita moja kila upande, na ukuta uliopinda unaongeza jingine. Amueni mtu mmoja wa kutoa, na karatasi iseme wazi: "Hiki ni kipimo cha fremu kwa nje, usipunguze" au "Hiki ni kipimo cha uwazi, punguza." Namba isiyo na maneno hayo usiikabidhi kwa mtu.

Pengo la zaidi ya milimita 10 hivi upande mmoja lisijazwe silikoni tupu. Lisukumiwe kamba ya sponji kwanza, silikoni ikae juu yake. Likizidi 15, ni kazi ya plasta.

Kina cha ukuta, vyuma na wavu

Ukuta wa matofali ya inchi tisa, ukiongeza plasta pande mbili, una kina cha milimita 260 hivi. Ndani ya kina hicho fremu inagawana nafasi na vyuma vya kuzuia wezi, wavu wa mbu, na vigae au pazia. Chora ukuta ukiwa umekatwa kwa pembeni, hata kwa mkono usiojua kuchora, na uandike: kutoka uso wa nje hadi fremu, unene wa fremu, kutoka fremu hadi vyuma, kutoka vyuma hadi uso wa ndani. Unene wa fremu muulize fundi kwa milimita, maana fremu ya reli mbili na ya reli tatu, ile yenye reli ya wavu, hazilingani, na kila aina ya aluminiamu ina wake.

Madirisha ya zamani ya chuma yalifunguka kwenda nje, ndiyo maana vyuma viliwekwa ndani. La kuteleza halihitaji nafasi nje wala ndani, lakini kitasa chake kinahitaji mkono upite. Dirisha la bawaba lenye vyuma ndani linahitaji tundu la mkono kufikia mpini; pima mpini utakapokuja, na uhakikishe haukai nyuma ya nondo. Na kwa kila nyumba chumba kimoja cha kulala angalau kiwe na vyuma vinavyofunguka kwa ndani kwa kufuli, ufunguo ukiwa karibu. Vyuma vikiwa vimechomelewa vyote, moto ukizuka mlangoni hakuna pa kutokea.

Fremu hushikwa kwa skrubu zinazoingia kwenye plagi ukutani, vile vibomba vidogo vya plastiki vya kubana skrubu. Ukuta wa matofali ya udongo yenye matundu, kama yale yatokayo Kajjansi, hauishiki plagi ya kawaida: inazunguka tu ndani ya tundu. Gundua hilo wakati wa kupima, kwa kuchoma tundu moja dogo, ili mwashi ajaze zege mahali pa skrubu kabla ya siku ya kufunga.

Hewa

La kuteleza la vipande viwili hufunguka nusu tu. Dirisha letu la 1172 linatoa upenyo usiofika milimita 586 ukitoa unene wa fremu, wakati la chuma lililotoka lilifunguka karibu lote. Kwenye miji ya joto kama Gulu, Arua au Moroto hilo ni jambo kubwa. Kwa hiyo usiruhusu matundu ya hewa ya juu ya dirisha yazibwe ili dirisha lionekane refu. Yapime peke yake, yawekewe wavu mpya, yabaki. Kama ulikuwa na dirisha la chuma ambalo matundu yake ni sehemu ya fremu, agiza kipande cha juu chenye hewa ya kudumu, na kimo chake kiandikwe kwenye mchoro kando ya kimo cha vioo. Pale joto ni kali na vyuma vinaruhusu, sisi tungechagua dirisha la bawaba.

Kwa kila dirisha la kuteleza andika pia kipande kipi kinateleza na kipi kimesimama, na uandike umesimama wapi ulipotazama. "Kulia" ya ndani ni "kushoto" ya nje. Maneno "nikiwa nje" yanatosha kuondoa utata.

Kizingiti na vioo

Kizingiti cha nje kiiname kwenda nje, na fremu ikae juu ya sehemu yake ya juu. Chini ya fremu kuna vitundu vya kutolea maji ya mvua yanayoingia kwenye reli. Ukipanga kuweka vigae au terazo kwenye kizingiti baada ya kufunga, vitaziba vitundu hivyo na maji yatarudi chumbani. Basi kama vigae vinakuja, toa unene wake pamoja na saruji yake, milimita 15 hadi 20, kwenye kimo sasa hivi, au viweke kabla ya kupima.

Pima pia kimo cha kizingiti kutoka sakafuni. Dirisha ambalo kioo chake kinaanza chini ya milimita 800, au lililo kando ya ngazi, linastahili kioo kigumu cha usalama. Kioo hicho hakikatwi wala kutobolewa baada ya kupikwa, hivyo kipimo kikikosewa ni hasara ya kioo kizima. Choo na bafu viandikiwe kioo cha ukungu. Kwa vyumba vingine unene wa milimita 5 ni wa kawaida. Usikubali kioo chembamba zaidi kwenye dirisha pana linalopigwa na upepo wa ziwani.

Karatasi ya fundi, na siku ya kupokea

Kila dirisha liwe na ukurasa wake: namba, chumba, vipimo sita, ulalo mbili, mwegemeo, kipimo cha fremu, nani ametoa nafasi, upande unaoteleza, wavu, kioo, rangi, kina cha ukuta. Chini yake weka eneo kwa mita za mraba, maana bei nyingi huhesabiwa hivyo: 1.172 mara 1.188 ni 1.39. Wewe na fundi mtie sahihi, kila mmoja abaki na nakala.

Fremu zikifika, usiruhusu dirisha la zamani liguswe kabla ya kupima mpya. Upana na kimo kwa nje vilingane na karatasi, ulalo zake mbili zisipishane zaidi ya milimita 2, vitundu vya maji vitazame nje, vipande viteleze bila kukwama. Fremu isiyokubaliana na karatasi irudi karakana siku hiyo hiyo, la zamani likiwa bado ukutani.